Mauser Tatu za Mto Rusizi

Mara nyingi mwalimu hudhani kwamba amekwisha kulijua somo lake, mpaka siku mwanafunzi atakapomwuliza swali dogo lisilojibika. Jambo hili limetupata sisi hapa Rusizi, katika nchi ile iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Cyangugu, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Tulikuwa tumewaandikia wanafunzi wetu kifungu kifupi cha ufahamu juu ya Vita Kuu ya Kwanza kandokando ya ziwa Kivu. Ndani ya kifungu hicho tuliweka sentensi hii: "Askari wa Wadachi walipigana kwa bunduki za Mauser." Sentensi ilikuwa sahihi kwa sarufi, nasi tuliiona kuwa sahihi kwa historia pia.

Kijana mmoja akanyosha mkono. Yeye ni mpenzi wa habari za vifaru vya vita, na kila kitabu cha habari hizo kinachomfikia hukisoma mpaka jalada likachakaa. Akasema, "Mwalimu, wanaoandika juu ya vifaru hawaishii kusema kwamba rejimenti fulani ilikuwa na vifaru. Hueleza vilikuwa vya aina gani, na vilipokewa mwaka gani. Je, hizi Mauser zilikuwa zipi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutatafuta, na makala haya ndiyo matunda ya ahadi ile. Tunayatoa kwa walimu wenzetu kwa sababu katika kutafuta tuligundua kwamba kosa letu halikuwa la historia peke yake. Lilikuwa pia kosa la lugha: tulitumia jina moja kwa vitu vitatu, tukadhani tumesema kitu.

Kwa nini si vifaru

Yafaa kwanza tumjibu kijana wetu juu ya vifaru vyenyewe. Katika vita vile hapakuwa na kifaru hata kimoja kilichovuka mto Rusizi. Vifaru vilionekana vitani kwa mara ya kwanza duniani tarehe 15 Septemba, 1916, huko Flers-Courcelette nchini Ufaransa, katika mapigano ya mto Somme. Siku nne baadaye, yaani tarehe 19 Septemba, majeshi ya Wabelgiji yaliyokuwa yameanza safari yao Kivu na Rusizi yaliingia mjini Tabora. Kwa hiyo kifaru kilikuwa kinazaliwa Ulaya wakati ule ule ambapo vita vilivyoanzia kwetu vilikuwa vimekwisha kuhamia mbali.

Hata hivyo vifaru vile vya kwanza vina funzo kwetu. Waingereza waliovitengeneza waliviita vingine vya kiume na vingine vya kike. Vya kiume vilikuwa na mizinga miwili ya milimita 57, pamoja na bunduki za rashasha. Vya kike vilikuwa na rashasha tupu. Kwa mbali vilifanana kama ndugu pacha. Lakini mtu aliyesema tu kwamba "vifaru vilifika" hakuwa amewaeleza wenziwe kama kumefika mzinga au la, na kwa askari aliyekuwa akiingojea ngome ya adui ivunjwe, hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa kuliko yote. Basi swali la kijana wetu ni swali la haki, na linaweza kuulizwa juu ya silaha yo yote.

Mto na majeshi mawili

Mto Rusizi hutoka ziwa Kivu, lililo kama mita 1,460 juu ya bahari, ukateremka kwa nguvu katika mabonde membamba, ukatulia katika uwanda wa Bugarama na kuendelea mpaka ziwa Tanganyika, lililo chini yake kwa takriban mita 700. Pale unapoanzia pana Cyangugu upande wa Rwanda, na ng'ambo yake pana Bukavu upande wa Kongo. Msafiri wa leo huvuka daraja kwa miguu kwa dakika chache. Mwaka 1914 kila ukingo ulikuwa na bendera yake. Mkataba wa mwaka 1910 ulikuwa umeipa Ujerumani upande wa mashariki, na Ubelgiji upande wa magharibi pamoja na kisiwa cha Idjwi.

Wenyeji wa nchi hii walikuwa wamekwisha kuonja nguvu ya bunduki kabla ya hapo. Mwaka 1896, pale Shangi, mashujaa wa ufalme wa Rwanda walipambana na askari wa Dola Huru ya Kongo, wakashindwa na mitutu. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa Kivu aliyeweza kusema kwamba aina ya silaha ni jambo la upuuzi.

Vita Kuu ilipoanza, jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14 za askari. Kila kombania ilikuwa na namba yake na makao yake. Kombania ya 11 ilikaa Kisenyi, ambayo leo ni Gisenyi, kaskazini mwa ziwa Kivu. Kombania ya 9 ilikaa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwisho wa Rusizi. Cyangugu ilikuwa katikati ya makao hayo mawili. Upande wa pili lilisimama jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoitwa Force Publique, nalo lilikuwa kubwa zaidi kwa hesabu ya watu, ingawa lilitapakaa katika nchi pana mno.

Tarehe 24 Septemba, 1914, Kapteni Max Wintgens aliiteka Idjwi kwa niaba ya Wajerumani. Tangu hapo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu majeshi hayo mawili yalitazamana juu ya maji, yakirushiana risasi na kuviziana. Mwezi Aprili 1916 Wabelgiji wakasonga mbele chini ya uongozi wa Jenerali Charles Tombeur. Brigedi ya Kaskazini iliongozwa na Kanali Philippe Molitor, nayo iliingia Kigali tarehe 6 Mei. Brigedi ya Kusini, iliyovuka upande wetu wa Rusizi, iliongozwa na Frederik-Valdemar Olsen, ofisa mzaliwa wa Denmark. Hiyo iliingia Usumbura mwanzoni mwa Juni, na Kigoma mwishoni mwa Julai.

Jina moja, bunduki tatu

Sasa tuzirudie Mauser zetu. Mauser si jina la bunduki moja. Ni jina la ukoo wa mafundi wa mji wa Oberndorf nchini Ujerumani, na bunduki zilizobuniwa nao zilikuwa nyingi, za miaka mbalimbali, zilizouzwa kwa nchi mbalimbali. Katika vita vya Rusizi inatubidi kuzitenga tatu.

Ya kwanza ni Mauser ya mwaka 1871. Mtutu wake ulikuwa na kipenyo cha milimita 11. Haikuwa na kikasha cha risasi, hivyo askari alitia risasi moja, akapiga, akafungua komeo, akatia nyingine. Ilitumia baruti nyeusi. Vita vilipoanza, hii ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki, kwa umbo lake fupi la bunduki ya wawindaji.

Ya pili ni Mauser ya mwaka 1898. Kipenyo chake ni milimita 7.92. Ilikuwa na kikasha kilichofichika ndani ya mti wa bunduki, chenye risasi tano, na ilitumia baruti isiyotoa moshi. Mwezi Agosti 1914 ni sehemu tu ya kombania 14 zilizokuwa zimekwisha kuipata.

Ya tatu ndiyo iliyotushangaza zaidi, kwa kuwa haikuwa ya Wajerumani hata kidogo. Hii ni Mauser ya mwaka 1889, ya milimita 7.65, yenye risasi tano na baruti isiyo na moshi. Ilikuwa silaha ya jeshi la Ubelgiji lenyewe, na kiwanda cha Herstal karibu na Liège kilianzishwa kwa ajili ya kuitengeneza. Katika Kongo ilikuwa mikononi mwa Wazungu wa Force Publique na baadhi ya vikosi. Askari wa kawaida wa jeshi hilo mwaka 1914 alikuwa bado na bunduki nzee kuliko zote, Albini-Braendlin ya mwaka 1867, ya milimita 11, ya risasi moja moja na baruti nyeusi.

Msomaji ataona sasa jinsi sentensi yetu ilivyopotosha. Tulipoandika kwamba Wadachi walikuwa na Mauser, mwanafunzi alifahamu kwamba Wadachi walikuwa na silaha bora, na kwamba adui zao hawakuwa nayo. Kumbe Mauser zilikuwa kwenye kingo zote mbili za mto. Tena aliyeshika Mauser ya 1871 upande wa Cyangugu alikuwa na silaha hafifu kuliko aliyeshika Mauser ya 1889 ng'ambo ya pili, ingawa zote mbili zilikuwa na jina lile lile. Na askari Mwafrika wa upande huu mwenye Mauser ya zamani, na askari Mwafrika wa upande ule mwenye Albini, walikuwa karibu sawa: wote wawili walipewa silaha ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuziweka ghalani.

Habari ya moshi

Huenda mtu akauliza: tofauti hizi za miaka na milimita zina faida gani kwa mwalimu wa lugha? Tutajibu kwa methali anayoijua kila mtoto: pafukapo moshi pana moto.

Baruti nyeusi hutoa wingu zito jeupe kila risasi inapotoka. Askari aliyejificha katika matete ya kando ya mto, akapiga risasi moja kwa bunduki ya mwaka 1871, alikuwa ametangaza mahali alipo. Wingu lilimwinukia juu ya kichwa, likakaa hapo kama upepo haukuvuma. Adui hakuhitaji kumwona. Alilenga chini ya moshi. Tena moshi ule ule ulimziba macho mwenyewe, asione kama risasi yake imepata au imekosa. Aliyekuwa na baruti mpya, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884, aliweza kupiga na kupiga tena, na mwenziwe akasikia mlio bila kujua unatoka wapi.

Kamanda wa Wajerumani mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck, alilieleza tatizo hili la moshi katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920. Hakulieleza kwa kujifurahisha. Watu wake walikuwa wakifa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tofauti kati ya mwaka 1871 na mwaka 1898, ambayo sisi tuliifunika kwa neno moja, ilikuwa tofauti kati ya mtu kuonekana na mtu kutoonekana.

Mzigo wa mpagazi

Kuna jambo la pili, nalo halimhusu askari peke yake. Risasi moja nzima ya Mauser ya 1871, pamoja na ganda lake na baruti yake, ilikuwa na uzito wa yapata gramu 43. Ile ya Mauser ya 1898 ilikuwa na yapata gramu 24. Mwalimu wa hesabu atatusaidia hapa. Tukichukua mzigo wa mpagazi kuwa kilo 25, bila kuhesabu uzito wa sanduku, mpagazi mmoja alibeba risasi za zamani kama 580, lakini angeweza kubeba za kisasa kama 1,040. Kwa maneno mengine, penye mpagazi mmoja wa risasi mpya palitakiwa karibu wapagazi wawili wa risasi za zamani.

Tena risasi hizo hazikubadilishana. Risasi ya milimita 7.65 haikuifaa bunduki ya milimita 7.92, ijapokuwa zote ziliitwa risasi za Mauser. Na risasi ya Albini haikuifaa Mauser ya 1871, ijapokuwa mitutu yote miwili ilikuwa ya milimita 11, kwa maana maganda yake yalitofautiana urefu. Jeshi lenye aina mbili za bunduki lilihitaji masanduku ya aina mbili, na msururu wa wapagazi uliozidi kurefuka.

Hapo ndipo historia ya silaha inapogeuka kuwa historia ya watu wetu. Watu waliobebeshwa mizigo katika kampeni za Wabelgiji wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili. Walitolewa mashambani, na wengi hawakurudi. Majeshi yalikula vyakula vya nchi yalikopita, na katika miaka hiyo ya vita njaa kubwa iliyoitwa Rumanura iliangamiza watu wengi kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Hatusemi kwamba bunduki ya zamani ndiyo iliyoleta njaa. Tunasema kwamba kila gramu iliyozidi katika risasi ilikaa juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo jina lake halikuandikwa katika orodha ya rejimenti yo yote.

Namna ya kutafuta

Ikiwa walimu wenzetu watapenda kuifanya kazi hii pamoja na wanafunzi wao, tunaomba wafuate hatua hizi, ambazo sisi tumezipata kwa kukosea kwanza.

Hatua ya kwanza ni kuyajua majina yote ya mahali. Mtafiti atakayetafuta "Cyangugu" tu katika maandishi ya zamani ataambulia patupu. Wajerumani waliandika Schangugu, Wabelgiji wakaandika Shangugu au Tshangugu. Mto wenyewe umeandikwa Russissi, Ruzizi na Rusizi. Bujumbura ilikuwa Usumbura.

Hatua ya pili ni kutenga jeshi na kombania. Kwamba jeshi zima lilikuwa na silaha fulani hakuthibitishi kwamba kombania fulani ilikuwa nayo. Shule inaweza kuwa na vitabu 200, na bado darasa moja likakosa hata kimoja. Kwa hiyo tukisoma kwamba Wajerumani walikuwa na Mauser ya 1898, hatuna ruhusa ya kuiweka Cyangugu mpaka tumepata maandishi au picha inayoitaja kombania iliyokuwa Cyangugu.

Hatua ya tatu ni kuweka tarehe. Silaha za jeshi lile lile zilibadilika kila msimu. Mwezi Novemba 1914, baada ya mapigano ya Tanga, Wajerumani waliokota bunduki za Kiingereza zaidi ya 450, rashasha 16 na risasi laki sita, wakazitumia. Mwezi Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens ilipenya mpaka ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga, na shehena ya bunduki na risasi. Mwezi Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilifika ghuba ya Sudi karibu na Lindi, ikiwa na mizinga pia. Mizinga kumi ya milimita 105 ya manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwezi Julai 1915, ilitolewa majini ikaburutwa nchi kavu, na mmoja ukawekwa juu ya meli Graf von Goetzen katika ziwa Tanganyika. Wabelgiji nao hawakuvuka Rusizi mwaka 1916 na vifaa vile vile vya 1914. Walikuwa wameongezewa rashasha na mizinga ya milimani ya milimita 70 iliyotengenezwa Saint-Chamond, Ufaransa. Jibu lisilo na tarehe si jibu.

Hatua ya nne ni kusoma picha kwa macho yetu wenyewe, kabla ya kusoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Bunduki ya Albini ina nyundo ndogo inayoonekana nje, nyuma ya mtutu. Mauser ya 1889 ina kikasha cha risasi kilichotokeza chini, mbele ya kifyatulio. Mauser ya 1898 haina kilichotokeza, kwa kuwa kikasha chake kimo ndani. Mauser ya 1871 nayo haina, kwa kuwa haina kikasha kabisa. Lakini tundu la mtutu wake ni kubwa. Pia tukumbuke kwamba baada ya ushindi askari hupenda kupigwa picha wakiwa na silaha walizoteka.

Hatua ya tano ni kupima maganda. Mkulima akilima Bugarama akatuletea ganda tupu la shaba, tutapima kipenyo cha mdomo wake, na kusoma alama zilizogongwa kitakoni. Milimita 11 itatuelekeza kwenye silaha za zamani. Ganda la bunduki ya milimita 7.65 litatuelekeza kwa Wabelgiji, lakini halitatupa mwaka, kwa sababu Force Publique iliendelea kutumia Mauser za 1889 kwa miaka mingi baada ya vita, na nchi yetu imepitiwa na vita vingine baada ya hivyo. Hapa tunatoa onyo kwa walimu wote: mwanafunzi asichimbe wala asiguse kitu cho chote ambacho hakijalipuka. Aondoke, aweke alama kwa mbali, na wakuu wa mahali waarifiwe. Hakuna habari ya historia yenye thamani ya mkono wa mtoto.

Maneno kama ushahidi

Sisi tulio walimu wa Kiswahili tuna chombo kingine ambacho mtaalamu wa silaha huenda akakisahau, nacho ni maneno. Lakini chombo hiki nacho hukata kwa uangalifu wa mshikaji.

Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi upande wa Wajerumani, na upande wa Kongo kilisikika pamoja na Kilingala. Neno "bunduki" limetufikia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni tunda dogo la mviringo na kidonge cha kurusha. Ng'ambo ya mto, Kilingala kina "mondoki". Wanyarwanda husema "imbunda", na jirani zao Warundi husema "inkoho". Maneno yote haya hutuambia kwamba bunduki ilikuwapo. Hakuna hata moja linalotuambia ilikuwa ya mwaka gani.

Neno "risasi" lina habari zaidi. Kwa Kiarabu ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu yayeyukayo upesi motoni. Bunduki za milimita 11 zilirusha risasi iliyo risasi kweli, bonge la madini hayo. Bunduki mpya zilirusha kipande chembamba kilichovikwa ngozi ya madini magumu. Silaha ilibadilika, neno likabaki. Kinyarwanda kimelichukua pia, kikasema "isasu" na "amasasu".

Neno "bombomu" ni mfano mwingine. Limeundwa kwa mlio, na kamusi hutueleza kuwa ni bunduki ipigayo risasi mfululizo. Mzee akisimulia habari alizorithi kwa babu yake, akasema kwamba Wadachi walikuwa na bombomu juu ya kilima, tusikimbilie kuandika "Maxim", ingawa Maxim ilikuwa katika majeshi yote mawili. Huenda aliyesikia mlio ule alisikia mzinga mdogo upigao haraka. Sikio lilisema kweli, lakini halikusema yote. Vivyo hivyo na neno "mzinga", ambalo kwa mfugaji nyuki ni kitu kingine kabisa: laweza kuwa mzinga wa milimani uliobebwa vipande vipande na wapagazi, au mzinga wa manowari uliotoka baharini.

Kwa hiyo tunapokusanya masimulizi, tuandike neno lile lile alilolitumia msimulizi, bila kulisafisha. Kisha pembeni tuandike tafsiri yetu, na sababu yake. Mwalimu anayebadilisha "bombomu" kuwa "Maxim" katika daftari amefuta ushahidi, akaweka dhana yake mahali pake.

Sentensi iliyosahihishwa

Baada ya kazi hii tulirudi darasani na sentensi mpya. Inasema hivi: "Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na yenye moshi, na sehemu tu ya kombania zao ilikuwa na Mauser ya mwaka 1898, askari wa kawaida wa Kongo ya Wabelgiji walikuwa na Albini ya mwaka 1867, na Mauser ya mwaka 1889 ilikuwa mikononi mwa Wazungu wao na baadhi ya vikosi." Ni sentensi ndefu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atapumua katikati. Hata hivyo tumeamua isikatwe, kwa maana kila kipande chake kimebeba mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mto huu akiwa na kitu fulani mkononi.

Kijana wetu aliisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Na kombania ya 11, mwalimu? Yenyewe ilikuwa na ipi, mwaka upi?" Tulifurahi kuona kwamba amejifunza kutenga jeshi na kombania. Tumempa daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika majina yote ya Cyangugu, jinsi yalivyoandikwa na Wajerumani na Wabelgiji, na chini yake ameacha nafasi kwa ajili ya tarehe.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na hapa Rusizi, penye soko la watu wa nchi mbili, watoto huja darasani wakiwa wamekwisha kukisikia mitaani. Wanayo maneno mengi. Wajibu wetu ni kuwafundisha kuuliza kila neno linashika nini. Tunawaomba walimu wenzetu wavitazame tena vifungu vya ufahamu walivyoviandika, na kila penye "bunduki", "meli", "jeshi" au "wapagazi", wajiulize kabla mwanafunzi hajawauliza: ipi, ya nani, na lini?